Siri Huficha Lengo, Haifichi Nyayo: Namna ya Kuchunguza Majaribio ya Zamani ya Silaha za Sumu na Vijidudu

Tarehe 6 Mei 1953, kijana wa miaka 20 wa jeshi la anga la Uingereza, Ronald Maddison, aliketi katika chumba cha majaribio kwenye kituo cha kijeshi cha Porton Down, kusini mwa England. Wanasayansi walidondosha miligramu 200 za sarini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye kigasha cha mkono wake. Kabla ya saa moja kupita alikuwa amekufa. Uchunguzi wa kifo chake ulifanywa faraghani, na uamuzi ukawa kwamba alikufa kwa ajali. Ndugu zake walikaa na jibu hilo hadi Novemba 2004, pale baraza la wananchi mahakamani liliposikiliza ushahidi upya na kutamka kwamba kijana yule aliuawa kinyume cha sheria.

Karatasi za kifo hicho zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Daktari aliandika, mkuu wa kituo aliandika, wizara iliandika. Kilichozitoa kabatini ni wastaafu waliokataa kunyamaza, polisi wa jimbo la Wiltshire walioanza kuchunguza mwaka 1999, na watafiti waliokuwa na subira ya kusoma faili baada ya faili. Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa wastaafu 360 jumla ya pauni milioni 3, bila kukiri kosa mbele ya sheria. Wanajeshi waliojaribiwa Porton kati ya 1916 na 1989 wanazidi 20,000.

Makala haya ni kwa msomaji anayetaka kufanya kazi ya namna hiyo: mwanafunzi wa historia, mwandishi wa habari, mwanasheria kijana, au mtoto wa askari anayetaka kujua baba yake alipitia nini. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja. Siri ya kijeshi huficha lengo la jaribio, lakini haiwezi kuficha shughuli yenyewe. Jaribio linahitaji meli, mafuta, mifugo, posho, upepo wa upande fulani, daktari wa zamu, na mara nyingine kaburi. Kila kimoja kati ya hivyo kina daftari lake, na mengi ya madaftari hayo hayakuwahi kupigwa muhuri wa siri.

Anza na mahali pamoja na mwaka mmoja

Anayeanza kwa kuuliza ni serikali gani zilijaribu silaha za sumu atazama kabla hajafika popote. Uingereza ilijaribu, Marekani ilijaribu, Umoja wa Kisovieti, Japani, Kanada na Afrika Kusini ya makaburu pia. Chagua kisiwa kimoja, meli moja au kikosi kimoja, kisha weka mipaka ya miaka.

Mfano mzuri ni Gruinard, kisiwa kidogo katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Scotland. Mwaka 1942 na 1943 wanasayansi wa Porton walilipua humo mabomu yenye kimeta, wakiwa wamefunga kondoo kwenye mkondo wa upepo ili waone watakufa wangapi na kwa kasi gani. Kondoo walikufa, na udongo ukabaki na vijidudu. Kisiwa kilifungwa kwa karibu nusu karne. Mwaka 1986 kilimwagiwa tani 280 za formaldehaidi zilizochanganywa na tani 2,000 za maji ya bahari, na Aprili 1990 serikali ikatangaza kwamba ni salama kukanyagwa.

Ukikaa na kisiwa hicho kimoja, maswali yako yatakuwa na majibu. Ardhi ilikuwa ya nani? Kondoo walinunuliwa wapi? Nani alipiga picha za sinema? Gharama za kusafisha zililipwa kutoka fungu gani? Kila swali litakuelekeza kwenye ofisi tofauti, na kupitia ofisi hizo utaijua programu nzima ya vita vya vijidudu ya Uingereza vizuri zaidi kuliko kama ungeanza na kitabu cha jumla.

Tangu siku ya kwanza fungua daftari lenye safu tatu: tarehe, tukio, na chanzo. Tukio lisilo na chanzo usiliingize, hata kama unaliamini. Baada ya miezi michache daftari hilo ndilo litakalokuonyesha mapengo, na mapengo ndiyo yatakayokuambia uombe nini.

Yajue majina yao

Ukitafuta maneno "silaha za kibiolojia" katika orodha ya makavazi, utapata kidogo. Walioziunda hawakuziita hivyo. Porton yenyewe imebadilishiwa jina mara kadhaa, na kwa miongo mingi jina lake lilibeba neno "ulinzi", ingawa ndani yake zilijaribiwa silaha za kushambulia vilevile. Marekani nayo, kati ya 1962 na 1973, ilikuwa na kituo kilichoitwa Deseret Test Center, makao yake Fort Douglas, Utah. Kituo hicho ndicho kilichoendesha Mradi wa 112, na sehemu yake ya baharini iliitwa SHAD. Majaribio yalipewa majina yanayopendeza masikioni: Autumn Gold, Copper Head, Shady Grove, Flower Drum. Askari aliyekuwa kwenye meli ya USS Granville S. Hall huenda hakusikia neno "silaha" hata mara moja. Lakini akikutajia jina la meli na mwaka, unaweza kulifikia jina la jaribio.

Majina ya kisayansi nayo hubadilika. Kijidudu ambacho nyaraka za zamani hukiita Bacillus globigii, au BG kwa kifupi, leo kinaitwa Bacillus atrophaeus. Wanajeshi walikitumia kama kijidudu mbadala, yaani cha kuigizia kile cha hatari, ili wapime wingu la silaha litasambaa vipi. Sarini huandikwa GB. Gesi ya haradali huandikwa H au HS. Tengeneza kamusi yako ndogo ya majina hayo na miaka yalipotumika, kisha tafuta kwa kila jina.

Kumbuka pia kwamba faili linaweza kuwa chini ya wizara usiyoitarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza walinyunyizia dawa za kupukutisha majani kwa ndege huko Kikore, Tanganyika. Lengo lililoandikwa lilikuwa kupambana na mbung'o. Dawa za jamii hiyohiyo zilitumiwa na Waingereza dhidi ya wapiganaji wa msituni huko Malaya katika miaka hiyo. Hilo halitoshi kusema kwamba Kikore ilikuwa jaribio la silaha, na usiandike hivyo. Lakini anayetafuta katika mafaili ya jeshi peke yake hatakutana na Kikore kamwe, kwa sababu karatasi zake zimo kwenye kilimo na mifugo.

Yalipo mafaili, na namna ya kuyaomba

Kwa Uingereza, nenda kwanza kwenye Makavazi ya Taifa yaliyopo Kew, London. Orodha yake inasomwa bure kwenye intaneti ukiwa Mwanza au Mombasa. Barua na karatasi za Porton ziko katika mfululizo wa WO 188, na ripoti za majaribio katika WO 189. Mafaili mengi ukiyataka lazima mtu aende kuyafungua, lakini kuingia ni bure na kupiga picha kwa simu yako kunaruhusiwa bila malipo. Kama huna nauli, tafuta mwanafunzi wetu anayesoma London. Mpe namba kamili za mafaili, naye katika siku moja ya kazi anaweza kukupigia mamia ya kurasa.

Kwa Marekani, daftari za safari za meli za kivita na mafaili mengi ya jeshi yapo katika Makavazi ya Taifa huko College Park, Maryland. Kati ya 2001 na 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa muhtasari wa majaribio ya Mradi wa 112, jaribio kwa jaribio, ukiwa na majina ya meli, miezi na vitu vilivyopulizwa. Muhtasari huo ulitoka baada ya wastaafu kudai fidia na waandishi wa habari kuwashikia bango maofisa. Fahamu vilevile kwamba Julai 1973 moto uliteketeza kati ya majalada milioni 16 na 18 ya wanajeshi huko St. Louis, na kwa jeshi la nchi kavu asilimia 80 ya kumbukumbu za walioachishwa kazi kati ya 1912 na 1960 zilipotea. Ukiambiwa jalada la mtu limeungua, huenda ni kweli. Hapo geukia daftari za malipo, orodha za kikosi na kumbukumbu za hospitali.

Kwa Afrika Kusini, mradi wa silaha za sumu wa utawala wa ubaguzi uliitwa Project Coast, ulianza mwaka 1981 na kuongozwa na daktari Wouter Basson. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliufanyia vikao mwaka 1998, na maelezo ya vikao hivyo yanasomeka bure. Kitabu cha Chandré Gould na Peter Folb kuhusu mradi huo, kilichochapishwa mwaka 2002 na taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa upunguzaji silaha, kinapatikana bila malipo pia. Kianze hicho.

Sasa kuhusu barua ya maombi. Sheria ya uhuru wa habari ya Uingereza, iliyoanza kutumika Januari 2005, na ile ya Marekani ya mwaka 1966, zinamruhusu mtu yeyote kuomba, awe raia au mgeni. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 ni hivyohivyo. Za Kenya na Tanzania, zote za mwaka 2016, zinampa haki hiyo raia. Barua nzuri ni fupi. Taja kituo, miaka, jina la jaribio na aina ya waraka unaoutaka. Usiombe "taarifa zote kuhusu majaribio", kwa sababu huko Uingereza wizara ina haki ya kukataa ombi ambalo gharama ya kulishughulikia inazidi pauni 600. Omba kwanza orodha ya mafaili yaliyopo, kisha rudi kuomba faili moja moja. Omba kwamba, endapo kuna sehemu isiyoweza kutolewa, ifutwe hiyo tu na nyingine upewe. Wakikataa, omba uamuzi upitiwe upya ndani ya wizara, na wakikataa tena nenda kwa kamishna wa habari. Wengi hukata tamaa kwenye jibu la kwanza, na ofisi zinalijua hilo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kutokubali haraka jibu la "hakuna". Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilibainika mwaka 2011 kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni 37 yalikuwa yamehifadhiwa kimyakimya huko Hanslope Park, baada ya miaka mingi ya kuulizwa na kutojibiwa. Leo yanasomwa Kew katika mfululizo wa FCO 141. Wapo walioambiwa kwamba hayapo.

Fuata madaftari ya kawaida

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu na ndipo watafiti wengi wanapopita mbio. Faili la siri likifungwa, tafuta kumbukumbu za watu ambao hawakujua kwamba wanashuhudia siri.

Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk wa Umoja wa Kisovieti, watu walianza kufa kwa kimeta. Serikali ilisema walikula nyama yenye ugonjwa. Hilo halikuwa jaribio, lilikuwa ajali katika kiwanda cha silaha, lakini jinsi lilivyochunguzwa ni somo kwa kila mtu. Mwaka 1992 timu ya mwanasayansi wa Marekani Matthew Meselson, akiwamo mwanasosholojia Jeanne Guillemin, ilikwenda huko. Faili la jeshi hawakulipata. Walikwenda makaburini wakasoma majina na tarehe kwenye mawe. Walibisha hodi kwa familia wakauliza marehemu alikuwa wapi mchana wa siku za mwanzo wa Aprili. Waliomba kumbukumbu za upepo kutoka uwanja wa ndege. Madaktari wawili wa mji huo, Faina Abramova na Lev Grinberg, walikuwa wamehifadhi kwa ujasiri mkubwa vipande vya viungo vya marehemu. Timu ilipoweka kila mtu mahali pake kwenye ramani, karibu wote waliangukia katika ukanda mwembamba ulioanzia kwenye kituo cha kijeshi na kufuata upepo wa tarehe 2 Aprili. Mifugo iliyokufa vijijini ilikuwa kwenye mstari huohuo, hadi kilometa 50. Waliokufa walikuwa angalau watu 66. Hadithi ya nyama iliporomoka, na iliangushwa na mawe ya makaburi pamoja na daftari la hali ya hewa.

Majarida ya kitabibu ni chanzo kingine. Septemba 1950 jeshi la majini la Marekani lilipuliza bakteria aina ya Serratia marcescens kutoka melini kuelekea San Francisco, likiamini hawana madhara. Kuanzia Oktoba wagonjwa 11 wa hospitali moja ya mji huo walipata maambukizi ya bakteria hao, na mmoja wao, mzee Edward Nevin, akafa. Madaktari walishangaa wakaandika kisa hicho katika jarida la mwaka 1951, bila kujua lolote kuhusu meli. Habari za meli zilitoka mwaka 1976. Karatasi ya madaktari ilikuwa maktaba kwa miaka 25, wazi kwa kila mtu. Mwaka 1977 jeshi liliwaambia maseneta kwamba lilifanya majaribio 239 ya hewani kati ya 1949 na 1969.

Mifugo nayo husema. Machi 1968 kondoo wapatao 6,000 walikufa katika bonde la Skull Valley, Utah, jirani na uwanja wa majaribio wa Dugway, baada ya ndege kumwaga sumu ya VX. Wafugaji walilipwa fidia, na fidia huacha stakabadhi. Vitabu vya hesabu vilevile: ushahidi mzito kuliko wote wa Project Coast ni orodha ya mauzo ya mwaka 1989 ya maabara ya Roodeplaat. Mtu aliandika humo kwa utaratibu wa karani, tarehe kwa tarehe, sigara zilizotiwa kimeta na chokoleti zilizotiwa sumu zilivyotolewa na kukabidhiwa.

Kwa hiyo unapokwama, kaa chini ujiulize: siku ile nani mwingine alikuwa na kalamu? Nahodha, mtunza mnara wa taa, bwana mifugo, mhasibu wa kambi, mkunga wa zahanati, padri aliyezika. Mmojawapo aliandika kitu.

Kaa na wazee kabla hujachelewa

Nyaraka zimeandikwa na waliotoa amri. Waliotiwa sumu wanakumbuka mambo ambayo hayakuandikwa. Katika miaka ya 1930 na 1940 wanasayansi wa Porton waliwaingiza mamia ya askari wa Kihindi katika vyumba vya gesi ya haradali huko Rawalpindi, wengine wakiwa wamevaa kaptura na shati la pamba tu. Baadhi waliungua vibaya hadi kulazwa. Karatasi zilizopo Kew zinaeleza malengelenge yao kwa kina, lakini maisha yao baada ya hapo hayamo. Vivyo hivyo Obanakoro, Nigeria, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walijaribu silaha za sumu ya mishipa ya fahamu katika joto la tropiki: ripoti zinajua nyuzi za joto na kasi ya upepo kuliko zinavyowajua wenyeji wa pale. Mtafiti wa Afrika ana nafasi ya kujaza pengo hilo, na muda unayoyoma.

Unapokwenda kwa mzee, nenda na mtu anayemheshimu. Eleza unachotafuta, maneno yake yatatumika wapi, na kwamba anaweza kunyamaza au kujitoa wakati wowote. Baadhi ya askari waliapishwa kutunza siri. Marekani iliwafungua rasmi mwaka 1993 wale waliojaribiwa kwa gesi ya haradali katika Vita vya Pili vya Dunia, ambao kwa hesabu ya taasisi ya tiba ya nchi hiyo walikuwa takriban 60,000. Wengi walikuwa wamekaa nusu karne bila kuwaambia wake zao wala madaktari wao.

Usimpe maneno. Ukimuuliza kama walipuliziwa sumu, atakubali au atakataa neno lako. Mwambie akueleze siku yenyewe: waliamka saa ngapi, walivaa nini, hewa ilikuwa na harufu gani, waliambiwa wafanye nini na nguo zao baadaye. Maelezo madogo kama kuoga kwa lazima au nguo kuchomwa moto ndiyo yanayoweza kulinganishwa na ripoti. Na ukija kupata waraka unaothibitisha aliyoyasema, mpelekee nakala. Ni haki yake kabla ya kuwa habari yako.

Pima kabla hujatangaza

Waswahili tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Msemo huo unafaa kumwamsha mtafiti aanze kutafuta, lakini haumpi ruhusa ya kuhitimisha. Katika mada hii uvumi umewahi kutengenezwa makusudi. Mwaka 1983 idara ya ujasusi ya Kisovieti ilipandikiza katika gazeti moja la India habari kwamba virusi vya UKIMWI viliundwa katika maabara ya kijeshi ya Fort Detrick, Marekani. Habari hiyo ilizunguka dunia, magazeti mengi ya Afrika yakaichapisha, na kijitabu cha kuiunga mkono kikasambazwa Harare mwaka 1986 wakati wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Ilikuwa uongo, na mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi mwenyewe alikiri chanzo chake. Iliaminika kwa sababu Fort Detrick kweli ilikuwa kituo cha silaha za vijidudu hadi Rais Nixon aliposimamisha programu hiyo mwaka 1969. Uongo uliojengwa juu ya ukweli nusu umewafanya watu wetu waogope dawa na chanjo, na wapo waliokufa kwa hofu hiyo. Mwandishi anayerudia dai bila kulipima anashiriki katika madhara hayo.

Tenganisha maswali matatu kila mara. Je, jaribio lilifanyika? Je, mtu huyu alikuwepo? Je, ugonjwa wake umetokana nalo? La kwanza hujibiwa na ripoti, la pili na orodha za kikosi au daftari la meli, na la tatu linahitaji wataalamu wa afya. Katika Mradi wa 112, serikali ya Marekani ilikuwa imewatambua hadi 2004 wanajeshi 5,842 waliokuwepo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007, na mwingine wa 2016, haukupata ushahidi ulio wazi wa ugonjwa mahususi wa kudumu kwa jumla ya wanamaji wa SHAD. Ukiandika habari zao, andika yote mawili. Familia ya Nevin nayo ilishtaki na kushindwa. Uhusiano kati ya meli ile na kifo cha mzee haukuthibitishwa. Kusema hivyo hakumsafishi aliyewapulizia watu bakteria bila ridhaa yao. Kosa la kutoomba ridhaa linasimama lenyewe, hata pasipo kaburi.

Katika Rhodesia ya miaka ya 1970 pia, ipo mifano miwili inayokaa karibu na haifanani. Kwamba vikosi vya serikali vilitia sumu kwenye nguo zilizowalenga wapiganaji wa ukombozi, mkuu wa ujasusi Ken Flower alikiri katika kumbukumbu zake. Kwamba mlipuko mkubwa wa kimeta ulioanza 1978 ulikuwa shambulio, wanasayansi bado wanabishana. La kwanza liandike kama ukweli. La pili liandike kama ubishi, na umweleze msomaji hoja za kila upande.

Mipaka usiyoivuka

Unatafuta waliofanya, waliofanyiwa, mahali, wakati na aliyetoa amri. Hutafuti namna ya kutengeneza. Ukikutana na kurasa za kiufundi zinazoeleza jinsi sumu ilivyopikwa au vijidudu vilivyokuzwa, zipite. Usizipige picha, usizichapishe, na ukiona zimeachwa wazi kwa bahati mbaya mwambie mtunza makavazi. Hadithi yako haitapungukiwa kitu. Kuvuka mpaka huo kutakuingiza matatani na kuharibu njia kwa watakaokuja baada yako, kwani baada ya 2001 Marekani iliondoa maelfu ya ripoti za kiufundi kwenye usomaji wa umma kwa hofu ya aina hiyo.

Usiende na jembe. Mahali palipotumika kwa majaribio panaweza kuwa na mabaki yenye sumu au mabomu ambayo hayajalipuka. Ukipata chuma cha ajabu, usiguse. Piga picha kwa mbali, andika mahali, kisha toa taarifa polisi. Kabla ya kuchapisha jambo linalogusa jeshi la nchi yako, mwone mwanasheria. Majina ya wagonjwa yafiche, isipokuwa wao au familia zao wakuruhusu kwa maandishi. Nakala za kazi yako weka mahali pawili, na moja iwe mikononi mwa mtu mwingine.

Ukimaliza, andika kwa lugha ambayo waliofanyiwa wataisoma. Taja namba ya kila faili ili mwingine aweze kukuhakiki. Kisha peleka nakala kwenye maktaba ya chuo au makavazi ya taifa, zisibaki katika simu yako.

Mkataba wa silaha za kibiolojia ulianza kutumika mwaka 1975, na ule wa silaha za kemikali mwaka 1997. Mikataba hiyo ina nguvu pale raia wanapojua kilichowahi kufanywa kwa jina la ulinzi. Waliojaribiwa wanazeeka, na baadhi ya mafaili bado hayajafunguliwa na mtu yeyote tangu yalipoachwa huru. Chagua mahali pamoja, chagua mwaka mmoja, na wiki hii hii andika barua yako ya kwanza ya maombi.